Mzee Masanja na Neno Kuumbuka

Nimestaafu. Walimu wenzangu vijana waliniaga kwa pilau, soda na hotuba zilizonisifu mpaka nikatamani kumfahamu huyo waliyekuwa wakimsema. Sherehe ilipokwisha wakaniomba niwaandikie yale niliyoyaona kazini, hasa kuhusu kufundisha maneno magumu. Nimekubali. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Vyeo vilichelewa kuja, mishahara iliwahi kwisha, na hayo nyie mnayajua bila kuandikiwa. Nitaandika habari za neno moja ambalo nililifundisha vizuri, nikalipatia mifano, nikalisahihishia mitihani, kisha nikapanda baiskeli mpaka Litapunga kwenda kulijua.

Nilishuka Mpanda kwa treni ya kutoka Kaliua, miaka ya tisini mwanzoni, nikiwa nimekalia sanduku langu la bati kwa sababu viti vilikaliwa na magunia. Katavi haikuwa mkoa wakati huo, na mimi sikuwa mwalimu bado. Nilikuwa na cheti tu. Kwetu ni Upimbwe. Kiswahili nilikikuta shuleni, kama wengi wenu. Bibi yangu alicheka aliposikia nimekwenda chuo kusomea lugha hiyo, maana yeye aliamini Kiswahili ni cha kununulia chumvi, na chumvi haihitaji cheti.

Shuleni nilipokewa na Mwalimu Shomari, mkuu wa idara ya Kiswahili. Nilipouliza idara ina walimu wangapi, akanitazama juu ya miwani akasema, "Karibu, Mwalimu Paskazia, umeshaikamilisha." Alikuwa mtu wa Pangani. Alipangiwa Mpanda akiwa kijana akakusudia kuhama mwaka uliofuata. Nilipomkuta alikuwa na mvi, mashamba mawili ya mahindi, na bado alisema mwaka unaofuata atahama.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alinionyesha namna ya kuupaka ubao weusi kwa makaa ya betri kuukuu yaliyotwangwa na majani ya viazi, na namna ya kuchomeka kipande cha chaki kwenye kifuniko cha kalamu ili kiandike hata kikibaki kama punje ya mahindi. Alinionyesha pia kamusi ya shule. Ilikuwa moja, imevikwa jalada la mfuko wa saruji, na kurasa za herufi A zilikuwa zimenyofoka zamani. Kwa hiyo shuleni kwetu maneno kama adabu, akili na aibu hayakuwa na maana rasmi. Mwalimu Shomari alisema hilo lilieleza mambo mengi.

Katika majuma yangu ya mwanzo nilifundisha ushairi Kidato cha Tatu. Ubeti wetu ulikuwa na neno fedheha. Nikaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri: fedheha ni aibu. Nikageuka nikiwa nimeridhika.

Msichana mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono. Aliitwa Kabula. Wazazi wake walikuwa wafugaji, Wasukuma waliohamia Litapunga na ng'ombe wao, naye alikaa mjini kwa shangazi yake aliyekuwa akiuza dagaa sokoni.

"Mwalimu," akasema, "kama fedheha ni aibu, mbona mtunzi ameyaweka yote mawili kwenye mstari mmoja? Amejirudia?"

Nikasema nitamjibu kesho. Walimu vijana, jibu hilo litunzeni, litawafaa. Kisha nikaenda kumtafuta Mwalimu Shomari, nikamkuta bustanini kwake akimwagilia mchicha.

"Aibu unaweza kuwa nayo peke yako chumbani, mlango umefungwa," akaniambia. "Ndiyo maana wahenga wakasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha akinyamaza, imekwisha. Fedheha haikubali kukaa chumbani. Fedheha inataka watu. Pasipo na watu hakuna fedheha."

"Na izara?" nikauliza, maana nalo nilikuwa nimelikuta katika mashairi.

"Ni fedheha hiyo hiyo, mtunzi alikuwa anatafuta kina cha ra." Akahamisha ndoo. "Lakini neno tamu kuliko yote ni letu wenyewe, halikuletwa na jahazi. Kuumbuka. Funga, fungua. Ziba, zibua. Umba, umbua. Mtu akiumbuliwa, lile umbo alilokuwa nalo mbele za watu linafumuliwa. Anabaki amesimama pale bila umbo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Unaona? Alikuwa amejiumbia afya."

Kesho yake nikayamwaga yote darasani. Wanafunzi wakanipa na wao la kwao: soni. Karibu kila lugha ya nyumbani iliyokuwemo mle ndani, Kipimbwe changu kikiwemo, ilikuwa na neno linalofanana na hilo, na wote tukakubaliana kwamba soni ni ile inayokaa tumboni, isiyohitaji mtu wa kukutazama. Lilikuwa somo zuri. Mwisho nikawaambia kila mmoja atunge ubeti wenye mojawapo ya maneno hayo, asimame ausome kwa kichwa.

Wengi walileta wezi wa kuku. Mpanda nzima haikuwa na kuku wa kutosha kwa wezi waliotungwa siku ile. Kisha akasimama Kabula, akasema kwa sauti yake ndogo:

Simba aliponguruma, ng'ombe wakatawanyika,
Mwenye mji alihema, kihengeni akafika,
Juu yake kasimama, magoti yatikisika,
Mkewe kashika kuni, mwenye mji kaumbuka.

Darasa zima likaangua kicheko kwa huyo mwanamume aliyekimbilia juu ya ghala la nafaka. Mimi nikahesabu mizani kwa vidole, zikatimia. Nikamuuliza kisa amekitoa wapi. Akasema, "Nimetunga tu, mwalimu." Nilipomsomea Mwalimu Shomari, naye akahesabu kwa vidole, na akasema ubeti huo uende Siku ya Wazazi.

Sasa inabidi niwaambie habari za Mzee Masanja. Huyo ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mtu mrefu wa kofia ya pama, anayependwa na watu, mwepesi kusaidia. Tulipotaka madawati alituletea magogo kwa mkokoteni wake wa ng'ombe kabla hatujamaliza kuomba. Alikuwa na tabia moja tu: hakuna kikao alichokifunga bila kusimulia jinsi simba alivyoingia zizini kwake, naye akamtoa kwa fimbo na mikono mitupu. Kila mzazi alikuwa amemsikia huyo simba. Na Mzee Masanja ndiye baba yake Kabula. Hilo nililijua. Ila simba wa Katavi ni wengi, mazizi ni mengi, na mimi sikuunganisha.

Siku ya Wazazi ikafika. Mzee Masanja alikaa mbele, kwenye kiti chenye mikono. Kabula alipoitwa, nilimwona baba mtu akimgusa jirani yake kwa kiwiko, kumwonyesha kwamba huyo ni wake. Mstari wa kwanza, simba, akatikisa kichwa kwa furaha, alidhani anasifiwa. Mstari wa pili, kihenge, akaacha kutikisa. Hata hapo jambo lingeweza kupita salama, kwa kuwa watu walikuwa wakicheka kama wanavyochekea mchezo wowote. Lakini shangazi yake Kabula alikuwa amekaa katikati ya wanawake, na ubeti ulipokwisha akapiga kigelegele, akasema kwa sauti ya muuza dagaa, "Kihenge kile kile cha Litapunga. Kumbe mtoto alikuwa ananisikiliza!"

Kisha watu mmoja mmoja wakageuka kukitazama kiti chenye mikono. Halafu kikaja kicheko cha pili. Kicheko cha kwanza kilikuwa cha shairi. Hiki kilikuwa cha mtu.

Mzee Masanja akasimama, akavaa kofia yake, akampa mkono mkuu wa shule. "Nimeshiba," akasema, na chakula kilikuwa bado jikoni. Akachukua baiskeli yake akaenda.

Jumatatu dawati la Kabula lilikuwa tupu. Saa ya mapumziko shangazi alikuja, amejitanda, hana sauti ile tena.

"Kaka kaja kumchukua," akatuambia. "Kasema msichana aliyejifunza kumuumbua baba yake amekwisha soma vya kutosha. Na kuna mtu wa Inyonga, ana ng'ombe, alishawahi kuuliza habari zake. Kaka alikuwa anamkatalia. Sasa sijui." Akafuta pua. "Mimi kile kisa nilikuwa namsimulia mtoto ili acheke tu, usiku asinililie kwao."

Mkuu wa shule alitusikiliza, akasema twende sisi wawili, kwa kuwa neno lilikuwa la idara yetu.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi kwa baiskeli. Njiani Mwalimu Shomari alifanya mazoezi ya kuomba radhi, kwa lafudhi ya Pangani, na kwa kweli yalikuwa maneno mazuri sana. Tulimkuta Mzee Masanja akiziba uzio wa zizi kwa matawi ya miiba. Hakuacha kazi. Akatukaribisha kwa heshima zote, tukaletewa vigoda, tukaulizana habari za njiani na za mvua. Kihenge kilikuwa hapo hapo nyuma yake, kirefu, kimeezekwa upya. Mimi nilitazama ng'ombe. Mwalimu Shomari, ambaye macho yake hayakuwahi kufundishwa adabu, alikitazama kihenge kuanzia chini mpaka juu.

"Ni kirefu," akasema.

"Ni kirefu," akajibu Mzee Masanja.

Nikaona heri nianze mimi. Nikasema tumekuja kuomba radhi, kwamba hatukujua, na kwamba Kabula ndiye mwanafunzi wetu bora.

"Mwalimu Paskazia," akasema, "mimi sikukasirika kwa sababu nimesingiziwa. Ningesingiziwa ningecheka na wenzangu. Ni kweli nilipanda. Tangu siku ile nilikuwa na soni. Nimelala nayo, nimechunga nayo, lakini ilikuwa yangu, ilikaa humu." Akajigusa tumbo. "Nyie mmeitoa nje mmeipeleka kwenye mkutano. Mtoto wangu ndiye kaibeba."

Mwalimu Shomari akakohoa. "Mzee wangu, neno hili kuumbuka, ukilitazama asili yake, linatokana na kuumba..."

"Maana yake ninayo, mwalimu," akasema Mzee Masanja kwa upole. "Nimeipata."

Mwalimu Shomari akainamisha kichwa, akachezea kofia yake. Yale maneno mazuri ya njiani hayakutoka hata moja.

Mama Kabula alikuwa ametuletea maziwa ya mgando na sahani ya michembe, viazi vile vilivyokaushwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye mikono mikubwa. Alituwekea kila mtu mbele yake, kisha, badala ya kurudi jikoni, akavuta kigoda naye akakaa.

"Mnaongea habari za simba," akasema, "na aliyemfukuza hajaulizwa."

"Mama Kabula, inatosha," akasema mumewe.

"Haijatosha. Miaka yote nimenyamaza, nikamwacha simba wangu atembee na wewe kwenye vikao. Sikusema kitu. Leo mwanangu anaacha shule kwa ajili ya kisa ambacho hata hakijui." Akageukia mlango wa jiko. "Kabula, toka huko, najua unasikiliza."

Kabula akatoka, akapiga magoti pembeni ya mama yake. Alikuwa amekonda kwa juma lile moja.

"Nani alikusimulia?"

"Shangazi."

"Shangazi yako alikuwepo?"

"Hapana, mama."

"Basi sikia. Simba aliingia, ng'ombe wakavunja uzio. Baba yako hapa akashika fimbo anataka kwenda. Na wewe ulikuwa mchanga, umelala ndani, na nyumba yenyewe mlango wake ulikuwa gunia. Mimi nikamwambia: moto naujua mimi, maana niliukoka mimi, kupanda unajua wewe. Nikakutoa ndani, nikakuweka mgongoni kwake, nikakufunga kwa khanga yangu, fundo hapa kifuani. Nikamwambia panda, na usishuke mpaka nikuite. Akapanda. Akakaa kule juu na wewe mpaka nilipomfukuza simba kwa ukuni wenye moto, nikamwita. Ndiyo hivyo tu. Kama magoti yalitikisika, wewe ulikuwa juu yake, ungeyasikia."

Kabula alimtazama baba yake, na baba yake alitazama miiba.

"Nilikuwa mgongoni?" akauliza.

"Ulikuwa mgongoni," akasema Mzee Masanja.

Mimi nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza kwa nini basi hakuwa akisimulia hivyo, maana ni kisa kizuri kuliko kile cha fimbo.

Akanishangaa. "Mwalimu, mwanamume kafungwa mtoto mgongoni kwa khanga. Ya maua. Yuko juu ya kihenge, mkewe yuko chini na simba. Hiyo ningeianzaje mbele ya wenzangu? Kusema nimempiga simba ilikuwa rahisi zaidi." Akafikiri kidogo. "Ile ya kupanda ningeweza kuivumilia. Khanga ndiyo iliyonishinda."

Nilitazama maziwa yangu kwa makini sana. Mwalimu Shomari alipata ugonjwa wa kikohozi. Mama Kabula peke yake ndiye hakucheka. Yeye alikuwa akimngojea mtoto wake aseme.

"Baba," akasema Kabula, "nimekukosea. Nilichokisema kilikuwa nusu. Naomba nikimalizie mbele ya watu wale wale."

"Kukimalizia maana yake na khanga?"

"Na khanga, baba."

"Na fundo?"

Mzee Masanja akasimama, akaenda kuwatazama ng'ombe, ambao hawakuwa na tatizo lolote. Akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alituambia tule michembe, isiliwe na kuku, na hakuna kingine alichotamka juu ya habari hiyo mpaka tulipoaga.

Jumatatu Kabula alikuwa darasani. Nikamuuliza baba amesemaje. "Amesema nisome," akajibu. "Yule mtu wa Inyonga ameambiwa nina mitihani. Khanga bado anaifikiria."

Aliifikiria mpaka siku ya kufunga shule. Wazazi walijaa kuliko kawaida, kwa maana habari za kihenge zilikuwa zimefika hadi stesheni, na wapo waliokuja kuona kama Mzee Masanja atathubutu. Alithubutu. Alikuja na mkewe, lakini kile kiti chenye mikono alikipita, akaenda kukaa nyuma kwenye benchi la wanafunzi, magoti yakimfika kidevuni.

Kabula akaitwa. Akasema ule ubeti wa kwanza, na watu wakacheka tena, wengine hata kabla ya kihenge kufika. Alipomaliza akamtazama baba yake. Mimi sikuwa nimeambiwa lolote. Mwalimu Shomari, aliyekaa karibu nami, alikuwa ameshika kipande cha chaki mpaka kikavunjika. Kule nyuma Mzee Masanja akavua kofia, akaiweka mapajani. Kabula akaendelea:

Mgongoni kanibeba, kwa khanga akafungika,
Juu akapanda baba, usingizi kanishika,
Simba alikosa shiba, mimi leo nasikika,
Mkewe kashika kuni, babangu hakuumbuka.

Watu walikuwa wamejiandaa kucheka, vinywa viko wazi, wakabaki hivyo. Waliochelewa kuelewa wakawa wanaulizana kwa sauti ya chini, khanga gani, nani kafungwa. Shangazi yake, katikati ya wanawake, alijifunika uso kwa kitenge.

Mzee Masanja akasimama. Benchi likasimama naye kidogo kabla halijamwachia.

"Nina sahihisho," akasema.

Mwalimu Shomari akaninong'oneza, "Ee Mola, anarudi kwenye fimbo."

"Aliyenifunga ile khanga ni huyu hapa." Akamwonyesha mkewe. "Fundo alilikaza mpaka nikashindwa kupumua vizuri, ndiyo maana mnasikia kwenye shairi nilihema. Halafu jambo lingine. Mimi miaka yote nimewaeleza simba alivyokuwa, ukubwa wake, manyoya yake. Kusema kweli simjui. Kule juu nilikuwa nimefumba macho. Habari za simba muulizeni Mama Kabula."

Kicheko kilichofuata sijakisikia tena shuleni, na nimekaa shuleni maisha yangu yote. Wazee walikuwa wakipiga mapaja. Mzee Masanja alisimama pale pale katikati ya kicheko hicho, kofia mkononi, akangoja kiishe, akawa yeye mwenyewe anaanza kutabasamu kidogo kidogo kama mtu aliyevua kiatu kilichokuwa kinambana. Watu wakamsukuma Mama Kabula mbele asimulie. Akasimulia kwa maneno machache kuliko mimi, akasema chakula kinapoa.

Nyie mnaofundisha sasa mna kamusi nyingi, zenye A zao. Kwenye fedheha zitawaambia ni aibu ya hadharani, na zinasema kweli. Mimi baada ya siku ile niliendelea kuandika hivyo hivyo ubaoni. Ila nilianza kuwauliza wanafunzi swali moja zaidi: nani kalisema jambo lenyewe, mwenyewe au mwingine? Watu walikuwa wale wale, kihenge kile kile, na kilichosemwa mara ya pili kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Sikuwahi kupata jibu la kuwatosha wote, na Mwalimu Shomari aliniambia nisihangaike, atalifikiria akishahamia Pangani.

Kabula alimaliza Kidato cha Nne mwaka uliofuata. Baba yake aliendelea na uenyekiti, vikao vikawa vifupi. Sokoni Mpanda vijana wa mikokoteni ndio waliolianza lile jina, kwanza nyuma yake, kisha mchana kweupe, kutoka upande wa pili wa barabara: Mzee Khanga. Nilikuwa naye siku moja tukinunua chumvi walipomwita. Nikaona haya kwa niaba yake. Yeye akageuka, akainua mkono, akaitika.